Salamu Zilizohamia Bondeni

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, nje ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, pale barabara ya vumbi inapopinda. Mlango bado una kitasa, na anayekalia kitasa ndiye aliyechelewa kufika. Kahawa inaletwa na Moto Mdogo, jina tulilompa kwa sababu kahawa yake haijawahi kumuunguza mtu. Wenye benchi ni Katiba, aliyewahi kulinda geti la mahakama na akatoka na sheria zote alizozisikia kupitia dirishani; Kiberiti, mpaka rangi, ambaye hajawahi kuona ugomvi umelala akauacha ulale; na mimi, ninayewavumilia. Zamani njia ya watu wa bondeni ilikatiza shamba la bwana mmoja wa huko juu na kutokea hapa hapa benchini, tukawa tunasalimiwa mpaka tunachoka. Halafu yule bwana akazungushia shamba lake waya wa miiba, tukambatiza Seng'enge, na watu wakahamia kwenye shamba la mdogo wake, ambako njia inatokea kule chini kwenye kalvati. Tangu hapo wapita njia hawatuoni, na pancha zao wanaziba wanakojua wenyewe. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba siku hiyo, pale benchini, hakuna aliyekuwa na roho nyeupe.

Seng'enge alikuja akisukuma baiskeli. Karia ilikuwa imelalia upande mmoja, na juu yake kuna bunda zito la waya mpya ametoka nalo dukani. Hakusalimia mtu, akaiegemeza baiskeli ukutani kwangu.

Seng'enge: Fundi, nifungie hii karia upesi. Leo namalizia na ile kona.

Mimi: Kona gani tena? Shamba lako si limefungwa hata panya anaomba ruhusa?

Seng'enge: Kona ya chini. Njia ya mdogo wangu ikifika kwenye mfereji inapinda, inakata kidogo kwangu. Hatua chache tu. Nikiziba pale, njia imekufa.

Kiberiti: Ahaa! Leo umeongea kiume.

Moto Mdogo: Lakini pale si mawe matupu? Wamekuharibia nini?

Seng'enge: Wewe mimina kahawa.

Moto Mdogo akamimina. Mtu ukiuza kahawa ya uvuguvugu unazoea kunyamazishwa.

Katiba: Mwacheni aseme. Ardhi ni yake, hati ni yake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo aliye mbali na ngoma asivute.

Hatukuelewa, lakini tulitikisa vichwa. Katiba akitia methali, huwa tunatikisa.

Seng'enge: Jamani, mimi sikufunga kwa ubaya. Papai likianza tu kugeuka rangi, halipo. Mtu anapita na mbuzi, mbuzi anatafuna mahindi yangu, mwenyewe ananiambia "shikamoo mzee". Mahindi yanaliwa, mimi naitika! Mngevumilia nyinyi?

Mimi: Hapo hatukulaumu.

Seng'enge: Haya. Nimefunga. Wamehamia kwa mdogo wangu. Wanachuma mapapai yake, na yeye anacheka! Anawaambia karibu, karibu, karibu, mpaka wamempa jina, wanamwita Karibu. Kaweka gogo la kukalia pale kwenye kalvati. Kaweka mtungi wa maji. Sasa anayetoka shambani anamwachia mhogo, anayetoka sokoni anamwachia chumvi. Habari zote za kijiji anazipata yeye kwanza, mimi nazisikia zimeshapoa kama hii kahawa. Na mkubwa ni nani? Baba alinipa upande wa juu kwa sababu mkubwa ni mimi!

Kiberiti: Na ile ya "marahaba", umewaambia?

Seng'enge: Nani kakwambia wewe?

Kiberiti: Dunia nzima inajua, bwana. Jamaa yuko ndani ya waya wake anapalilia, anasikia huko ng'ambo, "Shikamooo!" Anainuka, ananyoosha mgongo, "Marahaba, wanangu!" Kumbe anasalimiwa Karibu. Watoto wa shule wamecheka mpaka daftari zimewadondoka.

Tulicheka sote, hata Katiba, ambaye huwa anacheka kwa kibali. Seng'enge hakucheka. Alikunywa kahawa yake yote mara moja, na nilimwona macho yamemwiva.

Moto Mdogo: Lakini mzee, hilo si jambo. Huo ni wivu tu.

Seng'enge: Wivu? Mimi? Wivu wa nini? Wa mtungi?

Moto Mdogo: Basi yaishe. Ila na mimi niseme. Kule kwenye gogo kahawa inakwenda. Asubuhi leo nimeuza nusu ya birika kabla sijafika hapa. Naona wiki ijayo nikae kule moja kwa moja, huku niwe napita tu.

Hapo benchi zima lilikaa sawa. Mpaka dakika ile ulikuwa ugomvi wa Seng'enge na mdogo wake, nasi tulikuwa watazamaji. Birika lilipotajwa, ukawa wetu. Na mimi, nisiseme uongo, nilianza kuhesabu: kalvati imechukua njia, imechukua pancha, sasa inataka na kahawa?

Katiba: Ngojeni kwanza. Hili jambo lina upande wa kisheria ambao hamjauona. Mtu akipita kwenye shamba, anaondoka na nini miguuni?

Mimi: Na viatu vyake.

Katiba: Na udongo! Kila mguu unabeba udongo. Pale kwenye kona wanakanyaga udongo wa Seng'enge, wanakwenda kuukung'uta wapi? Kwenye gogo la Karibu. Haba na haba hujaza kibaba. Miaka michache ijayo, kaka mtu atakuwa na mawe, mdogo mtu atakuwa na mashamba mawili, moja juu ya jingine. Mahakamani tunauita wizi wa kunyatia.

Mimi: Katiba, hiyo kesi umeisikia dirisha gani?

Katiba: La nyuma.

Kiberiti: Udongo ni kitu kidogo! Mimi nawaambia linaloogopesha. Shikamoo ni kitu gani? Ni heshima, ni baraka. Sasa mtu anayezoa shikamoo za kijiji kizima kabla hajanywa chai, atazeeka saa ngapi? Mtazame Karibu: ana unywele mweupe hata mmoja? Halafu mtazame kaka yake hapa.

Tukamtazama. Kichwa kilikuwa cheupe kweli, ingawa kilianza kuwa cheupe tangu zamani za baba yao.

Kiberiti: Mnaona? Uzee wa wale watu wawili unamlalia mmoja! Kwa sababu anayesalimiwa ni mmoja!

Seng'enge: Sasa umenena. Mgongo huu ulianza kuniuma lini? Nilipofunga waya!

Mimi: Ulianza kukuuma ukichimba mashimo ya nguzo.

Seng'enge: Ndiyo hivyo hivyo.

Katiba: Basi usiitie kona waya peke yake. Weka kibao: "Hatari, umeme."

Mimi: Umeme wa wapi, na kijiji kizima kinawasha taa za mafuta? Tayari ana kibao cha "Mbwa mkali" kwenye geti lake pekee, kule juu upande wa korongo. Mbwa mwenyewe ni wa Karibu. Kila nikipita namkuta amelala chini ya kibao, anapata kivuli.

Kiberiti: Basi nyuki. Mizinga miwili pale kwenye kona. Hata mpita njia mwenye shikamoo yake mdomoni, ataimeza.

Katiba: Vyovyote vile, usimtume mtu. Nenda kafunge kwa mkono wako. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Seng'enge: Wamesema kweli. Fundi, karia vipi?

Nilikuwa nimeshaifunga vipande vya chuma na kuikaza kwa nati mpya. Nikamwambia tayari. Ndipo tukaona dada mmoja anapanda kutoka kwenye kalvati, anasukuma baiskeli yenye tairi limelala chali. Amevaa koti la zahanati. Tulikuwa tumesikia kwamba mkunga mpya amefika, lakini habari yenyewe, kama kawaida, ilipitia bondeni.

Mkunga: Shikamooni, wazee wangu.

Sote tulifungua mdomo, lakini Seng'enge alituwahi.

Seng'enge: Marahaba! Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu sana, pumzika. Habari za utokako? Wa nyumbani hawajambo?

Aliitika kwa sauti iliyotoka tumboni, akamsogezea mahali pazuri pa kukaa, yeye akahamia kwenye kitasa. Kiberiti aliinamia kikombe chake.

Mkunga: Hawajambo, baba. Nimepata pancha kule chini. Yule mzee mwenye gogo kaniambia nisihangaike kwingine, nijikaze nipande mpaka kwa fundi wa hapa. Kasema hakuna anayeziba kama wewe.

Mimi: Kasema hivyo?

Mkunga: Anawaambia wote. Sema wengine wanaona mlima.

Nikainama nikaanza kulitoa tairi lake, maana sikutaka kutazamwa usoni. Yeye akanywa kahawa, akalitazama lile bunda la waya.

Mkunga: Mzigo mzito huo, baba. Unaupeleka wapi?

Seng'enge: Kwangu. Kule juu, pale penye nguzo nyeupe.

Mkunga: Oo, kwenye lile shamba lililozungushiwa! Jana nilitaka kufika huko, kuna mama nilikuwa namtafuta. Nikajaribu geti la korongoni. Baiskeli tupu, nikashindwa, nikairudisha kwa kuibeba. Sasa baba, wewe na mzigo huu, huwa unapita wapi?

Aliuliza tu, kama mgeni anavyouliza njia. Wala hakuwa amesikia habari za kona.

Nikamtazama Katiba. Katiba akatazama barabara. Kiberiti akawa anasugua rangi kavu kwenye kucha. Nami, kwa vile nilikuwa nimechuchumaa kwenye tairi, macho yangu yalikuwa sawa na miguu ya Seng'enge, nikaona suruali yake kuanzia magotini kushuka chini imejaa kishona nguo, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania nguo. Huku juu hazioti. Zinaota kwenye njia ya bondeni, kandokando, na Moto Mdogo alikuwa nazo, na mkunga alikuwa nazo.

Seng'enge aliona nimeona. Akashika mbegu moja, akaing'oa, akaitupa. Akashika nyingine.

Baadaye akasimama, akashika usukani, akaiteremsha baiskeli taratibu kuelekea kwenye kalvati. Hakuaga. Tulimfuata kwa macho wote wanne, pamoja na mkunga ambaye hakuelewa tunatazama nini.

Karibu alikuwa amekaa kwenye gogo lake. Alipomwona, aliinuka akavua kofia, na sauti yake ni ile ya kuita watu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo tuliisikia vizuri.

— Shikamoo, kaka!

Tulingoja. Kiberiti alikuwa ameshika kikombe hewani. Mtu aliyekuwa akiitika salamu za wenzake kupitia kwenye waya, sasa amepewa ya kwake mwenyewe, mbele ya macho yake, na imemkwama. Lakini mwisho ilitoka, ndogo, ya mtu aliyechoka.

— Marahaba.

— Mzigo umekuelemea, kaka. Wewe shika usukani, mimi nasukuma.

Wakaingia njiani, kaka mtu mbele, mdogo mtu nyuma ameinama, mikono yote miwili kwenye lile bunda la miiba. Majani yakawafunika.

Kiberiti: Sasa yule naye, anajua ule waya ni wa kufungia nini?

Moto Mdogo: Anajua. Habari gani isiyopita kwenye gogo? Jana nimemkuta pale kwenye kona anang'oa mawe, ili kaka yake asipate taabu kuchimbia nguzo. Nikamuuliza, wewe una akili kweli? Akasema labda huu ndio waya wa mwisho, ukiisha kaka atapata nafasi ya kuja kukaa.

Katiba alinyoosha kikombe, bila methali. Moto Mdogo akainamisha birika juu ya kikombe chake, yakatoka mashapo, na siku hiyo hakuna aliyelalamika.