Geert Huizing na Mwanambuzi wa Kando ya Jiko

Marehemu Geert Huizing alizaliwa Rolde, mkoani Drenthe, tarehe 14 Machi 1861, akiwa kifungua mimba wa Lubbert na Aaltje Huizing. Alisoma shule ya kijiji hadi umri wa miaka kumi na mmoja, kisha baba yake akamwingiza karakanani kujifunza kuchonga viatu vya mti. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote. Viatu vyake vilidumu. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi ya hayo yalikuwa ya kukosoa.

Mei 1886 alimuoa Jantje Wiekens, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1909 mwana wao mkubwa, Albert, aligombana na baba yake kazini, akahamia Groningen bila kuaga.

Machi 1913 mbuzi wao alikufa akizaa. Marehemu alimchukua mwanambuzi, akamfunika kwa koti lake, akaketi kando ya jiko akimlambisha maziwa kidoleni. Binti yake Hillegien, aliyesomea uchoraji, alimchora hivyo hivyo kwa rangi za mafuta. Bi. Jantje aliitazama picha kwa muda.

"Watoto wanne, Geert. Hakuna hata mmoja uliyempakata hivi."

"Wao walikuwa na wewe," alijibu marehemu. "Huyu hana mama."

Bi. Jantje alirudi kumenya viazi.

Vuli hiyo picha ilitundikwa kwenye maonyesho mjini Groningen. Albert aliingia humo kukwepa mvua, akamkuta baba yake ukutani. Jumapili iliyofuata alibisha hodi nyumbani.

"Baba, nimeiona picha."

"Yule mbuzi hakutulia hata kidogo," alisema marehemu. Kisha akamvutia kiti. "Umekula?"

Hatukuwahi kumsikia akiomba radhi zaidi ya hapo. Albert alikula, na kesho yake akaingia karakanani. Picha ilinunuliwa na daktari mmoja wa Assen. Familia haijaiona tena.

Novemba 1923 marehemu alipatwa na homa ya mapafu, hakupona vizuri. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 1924 Albert alikuwa akimnyoa ndevu kitandani.

"Wembe huo, Albert, umeushika kama patasi."

"Basi tulia, Baba."

Akatulia. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki.

Ameacha mjane, Bi. Jantje, watoto Albert, Hillegien, Grietje na Lammert, na wajukuu watano. Mungu amlaze mahali pa utulivu.