Ngoma Iliyodaiwa Kadi: Historia ya Marehemu Bujiku Mageni

Padri wetu, wazee, kina mama mliotupikia tangu msiba ulipoingia, wafanyakazi wenzake wa mgodini, wachezaji na washabiki wa Ngurumo, sisi familia tunawasalimu na kuwapa pole, kwa maana msiba huu si wetu peke yetu. Kamati ya timu ilituletea ujumbe kwamba historia ya marehemu iwe fupi, kwa kuwa jua ni kali na wapo wageni wa heshima wenye shughuli nyingine. Tumesikia, wabeja sana, yaani asanteni, na wageni wenye shughuli barabara ni ile pale, sisi tutasoma yote. Anayewasomea ni Thobias, mdogo wake wa tumbo moja.

Marehemu Bujiku alizaliwa Didia, Shinyanga, mtoto wa kwanza wa mzee Mageni na mama Ghati, na cheti chake cha ubatizo kinasema ilikuwa tarehe 14 Machi 1912, ingawa mama yetu alicheka kila aliposomewa tarehe hiyo, akisema padri hakuwepo, yeye ndiye aliyekuwepo, na mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa. Mwaka 1923 alianza shule ya misheni, akasoma mpaka darasa la tatu, akajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kisha baba akamtoa, kwa sababu baba alikuwa mpiga ngoma wa bugobogobo, ile ngoma ya vijana wanaolima kwa mstari, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na mkono wa mzee ulikuwa umeanza kuchoka. Bujiku alikabidhiwa ngoma akiwa na umri ambao wenzake walikabidhiwa ndama, na hakuiweka chini tena.

Hapa itabidi tuwaeleze ninyi wageni kutoka mbali, maana bila hili hamtaelewa yaliyotokea baadaye. Kwetu Usukumani wacheza ngoma ni pande mbili, Bagika na Bagalu, na wakishindana hupiga siku moja, uwanja mmoja, huyu huku na yule kule. Hakuna mwamuzi, hakuna filimbi, mtazamaji mwenyewe ndiye anayeamua kwa miguu yake, akipendezwa na upande wa pili anahama, na ni mwiko kumshika mkono au kumzibia njia. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyeshindwa anabeba ngoma yake kwenda kumsalimu mwenzake, wanapiga pamoja mpaka watu watawanyike. Ndivyo ilivyo, na hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua.

Marehemu alikuwa Mgalu, mtu wa Bagalu. Mpinzani wake tangu ujanani ni mzee Mabula, Mgika, ambaye amekaa nasi hapa kwenye mkeka, na ambaye mwaka 1934, kwenye mashindano ya baada ya mavuno, alikuwa anaelekea kushinda, mpaka msichana mmoja aliyekuja kutoka Runzewe kumtembelea shangazi yake alipotoka upande wa Mabula, akavuka uwanja peke yake huku watu wote wanamtazama, akaenda kusimama mbele ya Bujiku. Msichana huyo ni Serafina binti Bartholomeo, mjane wetu. Walifunga ndoa misheni tarehe 15 Juni 1935, na Mabula alikula pilau ya arusi huku akidai kwamba mahari igawanywe, kwa kuwa mke ametoka kwake. Mungu aliwajalia watoto watatu, Makoye mwaka 1936, Scolastika mwaka 1939 na Onesmo mwaka 1944.

Mwaka 1938 Bujiku na Mabula walikuja Geita pamoja kutafuta kazi, wakaajiriwa mgodini kusukuma magari ya mawe kwenye reli, kazi aliyoifanya marehemu mpaka mwezi huu. Alikuwa mtu wa maneno machache kazini na mengi nyumbani, mpenda ugali wa mtama na maziwa mgando, mbishi wa karata, na hakupenda kuonewa wala kuona mtu akionewa, hata kama anayeonewa ni mbwa wa jirani.

Timu ya Ngurumo iliundwa mwaka 1946, na wakati huo ilikuwa na mpira mmoja na haikuwa na uwanja. Pale panapoitwa uwanja leo palikuwa na vichaka na vichuguu, na kimoja upande wa mashariki kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Makarani waliokuwa wakicheza walipatazama wakatikisa vichwa. Bujiku alipatazama, akaenda kuchukua ngoma. Kila Jumamosi mchana wanaume waliotoka zamu walisimama mstari mmoja, Bagika na Bagalu, Wasumbwa, Wazinza, Wakristo na Waislamu, wakalima kwa ngoma yake mpaka kile kichuguu kikalala chini, na kina mama wakabeba maji kichwani kumwagilia udongo ili ushike. Hakuna aliyelipwa senti. Waliomwaga jasho mko hapa, mjitazame mikono. Uwanja ulipokamilika, Bujiku alichagua mahali pake, nyuma ya goli la mashariki, palepale kilipokuwa kichuguu, akasimama na ngoma, na kuanzia siku hiyo Ngurumo ikicheza yeye yuko pale. Wachezaji wenyewe walisema wakichoka waliisikiliza ngoma ya kichuguuni, na miguu ikarudi.

Alituambia kwamba pale ndipo mahali pekee Geita alipojiona yuko kwao.

Mwaka 1951 iliundwa kamati mpya chini ya mwenyekiti Bwana Eustace, aliyeko nasi kwenye viti vya mbele. Kamati ilizungusha uwanja ua wa miti na mabati, ikaweka lango, ikaleta kadi ya msimu, kwamba atakaye kuingia mechi zote anunue kadi mwanzoni mwa mwaka. Tuseme haki, watu hawakukataa. Timu ilihitaji mipira na viatu, wageni kutoka Mwanza walihitaji kula, na kadi ya kwanza ilikuwa bei ya kuku. Washabiki wakatoa kuku.

Mwaka 1952 kadi ikawa bei ya kuku wawili. Mwaka 1953 ikawa bei ya mbuzi, na kwa mbuzi huyo kamati ikajenga banda la bati lenye viti kumi na viwili, vya nani, vya kamati. Mkutanoni Bujiku alisimama akauliza kama mwaka ujao watataka ng'ombe, na kama ni ng'ombe basi aambiwe mapema, je, hii ni kuangalia mpira au ni kuoa timu. Watu wakacheka mpaka machozi. Bwana Eustace hakucheka, akajibu kwamba mpira ni mambo ya kisasa na asiyeweza kulipa akae nyumbani. Jamani! Akae nyumbani, mtu aliyelima uwanja huo! Nusu ya waliobeba maji na kushika majembe walikuwa wakichungulia kwenye matundu ya ua, na kamati ikatuma watu kuziba matundu kwa matope.

Marehemu alinunua kadi hata hivyo. Mama Makoye alitoa mbuzi wake mwenyewe, kwa kuwa hakutaka kumwona mumewe Jumapili amekaa uani ameshika tama. Mwaka 1954 bei ikapanda tena, na akalipa tena, safari hii kwa baiskeli yake, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Tarehe 8 Agosti 1954, siku ya Jumapili, Ngurumo ikiwa na mechi kubwa na wageni, akafika langoni na kadi mkononi na ngoma begani, mlinzi akaitazama kadi, akaitazama ngoma, akasema kwa aibu, "Mzee, wewe pita, lakini ngoma ibaki. Kamati imesema inachukua nafasi ya mtu, nayo ikatiwe kadi."

Ngoma ikatiwe kadi. Ngoma iliyolima uwanja.

Bwana Eustace alikuja langoni mwenyewe akathibitisha, na Bujiku akamwamkia vizuri, akamwuliza swali moja tu: "Bwana mwenyekiti, ngoma ikilipa kadi, na yenyewe itapiga kura ya kuchagua kamati?" Bwana Eustace akarudi bandani. Bujiku akarudisha kadi yake mfukoni, akatoka, akakaa chini nje ya ua, mgongo kwenye mabati, na tunawaambia kweli, hakuwa na mpango wowote. Alisema baadaye kwamba alikuwa amejisikia kulia, akaona aibu kulia mbele ya watu.

Kosa likafanywa na kamati. Bwana Eustace si mtu wa huku, ni msomi na mila zetu hazijui, na aliona timu haiwezi kucheza bila ngoma, akamwita mzee Mabula aliyekuwa ndani, akampa zawadi, akamwambia achukue ngoma yake akapige kichuguuni. Mabula akauliza mara mbili, "Bwana, una hakika? Mimi ndani, Bujiku nje?" Akaambiwa ndiyo, piga. Basi Mabula, Mgika, akapiga. Na Bujiku, Mgalu, akaisikia kwa nje, akainuka. Siku moja, uwanja mmoja, ngoma mbili. Msukuma yeyote aliyekuwa pale alijua hiyo si mechi tena, na kwamba sasa yuko huru kuhama na ni mwiko kumzibia njia.

Akaanza kuhama Mama Makoye, aliyekuwa langoni na sambusa zake za kuuza, akaacha sinia chini, akaenda kusimama mbele ya mumewe kama mwaka 1934. Kisha wakatoka waliokuwa nyuma ya goli, kisha upande wote wa kusini, watu na kadi zao za bei ya kupita mbuzi mfukoni, wakapita langoni wakiimba. Mlinzi akajaribu kufunga lango, wazee wakamtazama tu, akaliacha, naye akatoka. Wachezaji walibaki wakipigiana mpira mbele ya viti kumi na viwili, mpaka nahodha akauweka mpira chini na kukaa juu yake. Na mzee Mabula, alipoona amebaki na kamati peke yake, akafanya ipasavyo, akabeba ngoma yake akatoka kumsalimu mwenzake, wakapiga pamoja mpaka jua likazama.

Wiki iliyofuata bei ya kadi ilirudi kuwa ya kuku, na ngoma ikaruhusiwa bure. Mwaka 1955 marehemu alisimama kichuguuni msimu mzima, na ndio mwaka wake wa mwisho wa furaha.

Tungependa kuishia hapo, lakini hii ni historia ya kweli. Mwaka huu wa 1956 kamati iliona watu wametulia, ikapandisha tena, bei ya mbuzi na nyongeza, na safari hii bila mkutano, tangazo likabandikwa langoni. Bujiku alikuwa ameshalipa ada ya shule ya Onesmo. Akasema hatauza kitu tena, atapigia nje, wachezaji wataisikia. Tarehe 8 Aprili, Jumapili, mechi ya kwanza, mvua ya masika ilinyesha tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Viti kumi na viwili vilikuwa chini ya bati. Yeye alivua koti akaifunika ngoma, maana ngozi ikilowa ngoma haitoi sauti, akasimama na shati moja akipiga kwa kupitisha mkono chini ya koti. Mlinzi alikwenda kuomba ruhusa Bujiku aingizwe bandani, akaambiwa sheria ni sheria. Ngurumo ilishinda. Hakuliona bao, ila alilisikia.

Siku iliyofuata alikwenda kazini na homa, tarehe 12 alilazwa, ikaonekana ni nimonia, na Alhamisi tarehe 19 Aprili 1956, alfajiri, alifariki, Mama Makoye akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa kuuliza kama ngoma imekauka. Tulimwambia imekauka. Ameacha mjane, watoto watatu na sisi ndugu zake.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, hawakumwacha hata usiku mmoja. Tunawashukuru majirani kwa kuni, maji na chakula, wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi baada ya zamu, mzee Mabula ambaye hajaondoka kwenye mkeka tangu Alhamisi, na yule mlinzi wa lango, aliyeacha kazi yake Ijumaa na sasa ameshika upande mmoja wa jeneza.

Kamati nayo tunaishukuru kwa sanda. Lakini asubuhi hii Bwana Eustace alituletea bahasha, ndani yake kadi ya heshima, ya maisha, bure, iwekwe kifuani mwa marehemu, kisha jeneza lipitishwe uwanjani. Mama Makoye ameisoma, ametuagiza tumrudishie hapa hapa mbele yenu, na maneno yake ni haya: "Alipokuwa na macho ya kuona mpira, hamkumpa. Maisha mliyoandika humu ni yapi?" Bwana Eustace, pokea.

Jeneza litapita uwanjani, na tutalitua kichuguuni, iwapo wote mlioko hapa mtaingia nalo, bila kadi, leo na Jumapili ijayo na zote zijazo, na mwenyekiti aseme sasa hivi, wazee wakisikia. Akikataa, tutamzungusha kwa nje ya ua hadi kaburini, na makaburi yako jirani na uwanja, na Makoye atakuwa anapigia hapo ngoma ya baba yake kila mechi, nanyi mnajua miguu yenu ina haki gani.

Bujiku mwana wa Mageni, ngoma yako imekauka kweli, pumzika kwa amani. Makoye, piga.