Mama Nashipae Lemein na Miaka Kumi na Minne ya Kungoja Stempu

Tumekusanyika leo, Jumamosi tarehe 21 Machi 2026, nyumbani kwake chini ya kilima cha Endonyo Sidai, kumsindikiza Mama Nashipae Lemein, ambaye sisi wajukuu tulimwita Koko. Familia iliniambia mimi Linda niandike kwa sababu ndimi niliyekuwa namjazia fomu zake.

Marehemu alizaliwa hapa hapa, upande wa kilima unaotazama barabara ya Namanga. Kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari 1957. Nilipomuuliza kama kweli alizaliwa siku ya mwaka mpya, alicheka. "Karani aliniuliza nilizaliwa lini, nikamwambia wakati wa mvua. Akaandika Januari." Alikuwa mtoto wa tatu kwa wazazi wake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga ndama pembeni mwa msitu.

Alisoma shule ya msingi mpaka darasa la nne, mwaka wa 1969, kisha akatolewa kwa sababu ng'ombe walihama kutafuta majani na mtu wa kuchunga ndama alihitajika. Mwaka wa 1998, akiwa mama wa watoto watatu, aliingia masomo ya ngumbaru kule Kisaju, na akamaliza bila kukosa hata wiki moja. Alisema alichoka kuweka kidole gumba kwa karatasi ambazo hajui zinasema nini.

Mwaka wa 1976 aliolewa na Mzee Simel Lemein, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani tarehe 12 Desemba 1987. Mzee Simel alitutoka mwaka wa 2009. Walikuwa watu wa mizaha. Mzee akimwambia chai haina sukari, Koko alimjibu, "Na wewe huna meno, kwa hivyo mmelingana."

Kwa kazi, marehemu aliuza maziwa na shanga Kitengela kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini wengi wenu hamkumjua kwa maziwa. Mlimjua kwa msitu.

Sheria inasema watu wanaoishi karibu na msitu wanaweza kuunda chama, waandike mpango wa kuutunza, halafu watie sahihi mkataba na serikali. Mkataba ukipigwa stempu, chama kinaruhusiwa kulisha mifugo kwa zamu, kuokota kuni zilizokauka, kuchuma dawa, na kumzuia mtu yeyote anayekuja kukata. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliona ni kitu cha mwezi mmoja, labda miwili. Chama chetu kilisajiliwa tarehe 5 Machi 2012 na Koko akachaguliwa mwenyekiti. Mpaka leo mkataba hauna stempu.

Mpango wa kwanza ulikamilika mwaka wa 2015. Sheria ikabadilika mwaka uliofuata, ukaandikwa upya. Kisha ikahitajika ramani, na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu Koko mwenyewe alisema usifichwe.

Julai 2018 maofisa walikuja kupima mpaka. Walikwangua gome la miti kwa panga, mahali pa urefu wa kifua, na kuandika namba kwa rangi nyekundu kwenye mti mtupu. Miti sitini na nne. Sasa, hapa kwetu ukitoa gome kwa dawa, huondoki kabla hujaziba kile kidonda kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, ndio mti usikauke. Koko alilelewa hivyo. Maofisa walipoondoka, alichukua akina mama watatu na ndoo, wakazunguka kilima siku mbili, wakaziba miti yote sitini na nne.

Februari 2019 maofisa walirudi kuhakikisha mpaka, na hawakuona namba hata moja. Bwana Gakuru, ofisa wa msitu, alikuja mpaka hapa mlangoni jasho likimtoka.

"Takwenya, Koko," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Koko aliitikia. "Umeleta stempu?"

"Stempu gani? Nani amepaka mavi ya ng'ombe kwa mpaka wa serikali?"

"Sijaona mpaka. Nimeona miti imeumizwa, nikaifunga."

"Koko, hizo zilikuwa namba!"

"Na wewe ukitaka kuandikwa namba, tunakuchuna ngozi kwanza?"

Watu walicheka. Koko hakucheka sana, kwa sababu upimaji ulianza tena mwanzo na ukachukua mwaka mzima na zaidi. "Hapo ni mimi niliyewachelewesha," aliwaambia wanachama, akiwa amesimama. Lakini mimi bado nauliza: kwa nini hawakupaka rangi juu ya gome? Na kama kosa la Koko lilikula mwaka mmoja, ile miaka mingine kumi na mitatu ni ya nani?

Mwaka wa 2022 lori lilipanda huku na wakataji wa miti ya makaa. Koko alisimama mbele yake na faili yote mkononi. Dereva alishuka kwa heshima, akasoma, akamwonyesha kibali chake. "Mama, wewe uko na karatasi nyingi. Mimi niko na moja, lakini iko na stempu." Akapita. Ule upande wa kaskazini mnaouona kutoka hapa, ulio wazi, ulikuwa miti siku hiyo asubuhi.

Baada ya hapo faili ilipotea, ikapatikana, ikakosa ukurasa. Mwaka jana ofisi ikasema kumbukumbu za mkutano zimezeeka, mkutano mkuu uitishwe tena. Mkutano lazima uwe na akidi, yaani theluthi mbili ya wanachama. Sisi tuko mia mbili na kumi, kwa hivyo wanatakiwa mia moja na arobaini. Uliitishwa mara nne. Watu walikuwa wamehama na mifugo kwa sababu ya ukame, wengine wako kazini Kitengela, wengine Embulbul. Siku waliyokuja watu wengi zaidi walikuwa tisini na saba. Koko aliwahesabu mara mbili.

Ugonjwa wa figo ulimpata mwezi wa Mei 2024. Alihamia Kitengela kwa mama yangu, Caroline, ili awe karibu na hospitali, na kila Jumanne na Ijumaa alisafishwa damu. Alienda na faili kwa mfuko. Mama alimkataza. "Yeyo, mama yangu, leo pumzika, msitu hautahama." Koko akamjibu, "Msitu hauhami. Unahamishwa na lori."

Wiki yake ya mwisho nilikaa naye baada ya shule. Aliniuliza ni watu wangapi walihudhuria maziko ya Mzee Simel. Nikamwambia sikuwa nimezaliwa. Akasema walikuwa zaidi ya mia tatu. Halafu akasema, "Linda, siku yangu watakuja wote. Mwambie Gakuru alete kitabu cha mkutano."

Nilikasirika, nikamwambia asiongee hivyo. Akasema, "Basi nipe njia nyingine."

Marehemu alilala tarehe 14 Machi 2026, saa kumi na moja asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto watatu: Timothy, Caroline na Leshan; wajukuu tisa; kitukuu mmoja; na wanachama wa msitu mia mbili na tisa.

Familia inamshukuru Bwana Gakuru, ambaye amekuja na kitabu. Ameketi pale kwa tangi la maji na mwamvuli mweusi. Baada ya kufunika kaburi, na kabla ya chakula, wanachama wote mpite hapo na vitambulisho, mchague mwenyekiti mpya na mtie sahihi. Tafadhali, chakula kitatolewa kwa aliyetia sahihi. Hilo pia ni agizo la Koko.

Wakati kwaya ikiimba nilizunguka nikihesabu, kama yeye, mara mbili. Wanachama mia moja na themanini na sita.

Pumzika kwa amani, Koko. Akidi imetimia.