Nilimwita Wifi Mchawi, Kumbe ni Vitamini

Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu, maana leo nimepanda hapa mbele bila fimbo ya kutembelea!

Mnanijua, mama Paskali wa hapa Endasak. Mume wangu alipougua, nilimwekea Mungu nadhiri: akipona, sitaonja tena nyama, maziwa wala yai. Akapona! Ndugu zangu, miaka sita nilikamua ng'ombe kila asubuhi, na tone halikugusa ulimi wangu. Ugali, maharage na mchicha, basi. Na nilivyojivuna! Nikiwaona mnakunywa chai ya maziwa, nasema moyoni, hawa bado wachanga kiroho.

Ndipo miguu ikaanza kufa ganzi. Ulimi ukawa mwekundu, unauma. Nikawa nayumba kama mlevi, mimi mtu wa maombi! Siku moja nikaanguka shambani, nikashindwa kuinuka.

Sasa, Martina, dada wa mume wangu, alikuwa akiniletea maziwa. "Wifi, umekwisha. Kunywa hata kikombe." Nikasema, kumbe ndiye anayeniroga! Maziwa nikamwaga, mbwa akanenepa. Nikamtangaza kijiji kizima kuwa ni mchawi.

Mume wangu akanipakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya. Nesi mmoja, binti wa Kiislamu kutoka Tanga, akaniuliza, "Shikamoo mama. Nyumbani unakula nini?" Nikamweleza nadhiri yangu kwa fahari, na jinsi wifi anavyoniroga. Wakapima damu, akarudi ameshika majibu.

"Mama, hujarogwa. Umepungukiwa vitamini B12. Ndiyo inayotunza mishipa ya fahamu na kusaidia kutengeneza damu. Kwenye maharage na mchicha haipo. Ipo kwenye maziwa, mayai, nyama na samaki."

Haleluya! Nikachomwa sindano za vitamini hiyo, moja baada ya nyingine. Mchungaji wetu akaniambia, "Mungu alikuponyea mume bure. Hakukudai miguu yako." Nililia! Ganzi ikapungua taratibu, imebaki vidole viwili tu vya mguu wa kushoto.

Ndugu zangu, mtumainini Bwana! Na ukiumwa nenda ukapimwe, usitafute mchawi. Aliyesikia maombi yangu ndiye aliyempa yule binti maarifa.

Lakini sijamaliza. Mungu nimeshamwomba msamaha, Martina bado. Yuko pale benchi la mwisho, amekaa peke yake, na ni kwa sababu ya mdomo wangu. Mchungaji, naomba ruhusa nishuke. Naenda kukaa naye.