Kikombe cha Mkono wa Kushoto: Maisha ya Ayoo, Mama Whitney

Marehemu Ayoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Ugenya, Siaya, nchini Kenya, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Odera na Mama Nanyama. Mama yake alishikwa na uchungu akitoka sokoni, akajifungulia njiani, ndiyo maana ya jina hilo, kwani kwa Kiluo yoo ni njia. Marehemu alipenda kusema kwamba soko lilimpokea kabla ya nyumba.

Alisoma shule ya msingi kijijini hadi darasa la nane, mwaka 1996. Sekondari alikaa miaka miwili tu. Baba yake alipofariki mwaka 1998, masomo yakaishia hapo. Daftari zake za sayansi alikuwa nazo hadi Kampala.

Mwaka 2001 alimfuata shangazi yake aliyeuza mukene, wale dagaa wadogo, katika soko la Nakawa, Kampala, nchini Uganda, na baadaye akarithi meza. Alipima kwa mkebe, kisha akaongeza kwa kiganja cha kulia kilichojaa. Kwa nyongeza hakuwa na mpinzani.

Hapo ndipo kaka yangu mimi ninayewasomea wasifu huu, Konstebo Olal, alipomwona. Alinunua mukene kila siku wiki nzima, mtu asiyejua hata kuwasha sigiri ya makaa. Siku ya saba marehemu akamwuliza, "Afande, kwani uko na paka ngapi?" Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 2007, hapa Kyebando, wakajaliwa Whitney na Odera.

Agosti 2020 marehemu aligundulika na saratani ya titi la kulia. Alipasuliwa, akachomwa mionzi, na mwaka uliofuata akarudi mezani tukashangilia. Februari 2024 vidole vyake viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi. Kisha yakaja maumivu ya moto, kutoka shingoni hadi kidole kidogo, na mkebe ukawa unamponyoka. Sokoni kila mtu akawa daktari: huyu anasema presha, yule anasema mshipa umejikunja. Alikandwa kwa mafuta mpaka akalia.

Novemba daktari alimwambia ukweli. Saratani ilikuwa imerudi, imekaa kwapani na juu ya mtulinga, inabana mishipa ya fahamu inayoteremka mkononi. Nguvu iliyopotea haingerudi.

Akaanza kupima kwa kushoto. Acayo, mteja wake wa miaka mingi, alikataa kupokea. "Mama Whitney, leo unanipa na kushoto? Mimi nimekosea wewe wapi?" Akahamia meza nyingine, na wengine wakamfuata. Marehemu hakueleza. Olal alikuwa zamu mbali, Karamoja, na marehemu aliogopa kwamba habari zikimfikia mumewe, atatoroka kazi na kufukuzwa.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu huwa unapita haraka. Mimi Aciro, wifi yake, sitapita.

Tarehe 26 Desemba 2024 nilikuja kwake na wazee wa ukoo. Mkono wa kulia alikuwa ameufunika kwa leso. Akanipa chai kwa kushoto, mbele ya wote.

Nilimwambia, "Mimi si mbwa, nipewe na kushoto."

Akajibu, "Samahani, wifi. Chai ni ile ile."

Nilikiacha kikombe kimejaa. Nikaenda nyumbani kuwaambia watu kwamba Mkenya anatudharau. Miezi saba hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga hapa.

Agosti mwaka huu Olal alirudi, akaujua ugonjwa, akanipigia. Nilikuta mkono umevimba, umelazwa juu ya mto. Mofini ya maji ilituliza maumivu mengine. Ya mkono iliyapunguza tu. "Wifi," aliniambia, "huu mkono unaniuma mchana kutwa, na hautaki kunifanyia kazi hata moja." Nilitaka kuomba msamaha siku hiyo. Nikaona haya. Majuto ni mjukuu, na wangu nimempakata.

Jumapili tarehe 9 Novemba nilipiga magoti, nikamwomba anipe chai kwa kushoto ninywe. Alikishika kikombe. Mkono huo nao haukuwa na nguvu tena. Chai ikamwagika kwenye shuka. Akasema, "Kesho, wifi."

Jumatatu hakuweza kuzungumza. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Kyebando, akiwa na umri wa miaka 44. Saratani ndiyo iliyomuua. Upweke tulimpa sisi.

Ameacha mume, Konstebo Olal, watoto, Whitney na Odera, mama mzazi, Mama Nanyama, kaka wawili, na wifi mmoja ambaye hakunywa chai yake.

Kesho, kaburini kwetu Pabbo, nitatupa udongo kwa mkono wa kushoto. Wazee wangu, msinikemee.

Apumzike Ayoo, na mkono wake nao upumzike.