Mama Olive Faida na Pengo la Ukingoni
(1961–2024)

Wapendwa wafiwa, majirani na rafiki mliofika: huyu tunayemlaza leo alikuwa mbishi, na ubishi wake ulitufaa.

Mama Olive Faida alizaliwa Luvungi tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Pontien na Florentine, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha akaja Uvira, alikopata diploma ya ualimu mwaka 1981. Alifundisha mtaani Songo hadi alipostaafu mwaka 2018. Wanafunzi wake mliopo mnakumbuka: kwake “sijaelewa” lilikuwa jibu zuri, ila “sitaki” hakulipokea.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Papa Damien, wakajenga Kilibula, karibu na mto.

Mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa jiko lao na nyumba za majirani. Mama akaapa kwamba maji hayatamrudia. Aliongoza akina mama wa mtaa kupanda mianzi ukingoni, wakasimika na kibao cha mradi wao katika kila kiwanja. Kwa haraka yao hawakupiga hodi. Asubuhi iliyofuata mianzi yote ilikuwa imeng’olewa. Si kwamba watu waliichukia mianzi. Kwetu anayepanda mti ndiye mwenye ardhi, na kibao juu yake ni tangazo la kunyang’anya. Mama alilia, kisha akajicheka: mtoto wa mkulima kusahau hilo! Akaanza upya, nyumba kwa nyumba, bila vibao, kila mwenye kiwanja akichimba kwa mkono wake.

Ukingo ukajaa, isipokuwa kwa mzee Protais, ambaye kiwanja chake kilipandwa siku ile ya vibao akiwa safarini kwenye msiba. Mama alimpelekea kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kumwomba radhi.

“Mama Josée, kasiksi nimekunywa, aksanti,” alimjibu, akimwita kwa jina la mtoto wake. “Lakini bambu yako, hapana. Siku miye mwenyewe nitapenda kupanda, nitapanda. Hakuna muntu atanisukuma.”

Tangu hapo Mama alimsalimia kila Jumapili baada ya misa bila kutaja mianzi, na Papa Damien alimtania kwamba ulimi unamwasha.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2022, ukamharibu figo. Hata kitandani aliuliza jambo moja:

“Kwa Protais kungali wazi?”

“Kungali. Pumzika, mama,” Papa Damien alimwambia.

“Nitapumzika namna gani na mvula iko njiani?”

Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Tunaumia sana.

Ameacha mume, watoto watatu, Josée, Claude na Dorine, na wajukuu saba.

Jana mzee Protais alifika kilioni na jembe begani. Alimuuliza tu Papa Damien miche iko wapi. Leo, kabla jeneza halijatoka nyumbani, alikuwa amekwisha kupanda kiwanja chake chote, peke yake.

Mama, kwa Protais hakuko wazi tena. Sasa pumzika, na amani ya Bwana ikulinde.