Zachariah Nthiwa na Gari Lililogoma Kuinuka

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Jioni hii tunamkumbuka fundi. Jina lake ni Zachariah Nthiwa, fundi wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Kabiria. Zachariah Nthiwa alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minne. Mkewe, Bi. Mbithe, alituomba jambo moja. "Mkitaka kumjua mume wangu," alisema, "msianze na kuzaliwa kwake. Anzeni na ile gari."

Basi tuanze na gari.

Ilikuwa mwaka 1987. Zachariah alifanya kazi katika gereji ya Bwana Gurmeet Singh, Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji la Nairobi. Shule aliiacha darasa la nne. Kuchomelea alijifunza kwa kutazama wenzake, na kwa miaka miwili alichomelea akiwa amefumba jicho moja, kwa kuwa hakuwa na miwani. Kazi yake ilikuwa malori na matatu. Gari likipasuka, aliongeza chuma. Likirudi limepasuka tena, aliongeza chuma kingine. Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo, na ilimlisha.

Nyuma ya gereji, chini ya turubai, kulikuwa na gari la mashindano la Bwana Gurmeet. Lilikuwa dogo, la viti viwili, bodi ya alumini, lililotengenezwa Uingereza miaka ya hamsini. Lilikuwa jepesi ajabu. Gurmeet alilikimbiza Nakuru enzi za ujana wake. Na alikuwa na mchezo wake. Mgeni akija, Gurmeet aliinama, akashika pembe ya nyuma kwa mikono miwili, akavuta, na gurudumu likaacha sakafu. "Naona? Hii hapana gari. Hii ndege!"

Mwaka huo magoti yalimshinda. Hakuweza kuingia garini bila kushikwa mkono. Akalitangaza gazetini: gari la zamani la mashindano, jepesi, linauzwa. Kisha akaenda harusini Kisumu kwa siku kumi na moja. Kwa Zachariah aliacha neno fupi: "Tengeneza yeye safi. Mteja nakuja."

Zachariah akafunua turubai. Alishtuka. Fremu ilikuwa na matundu. Pedali zilikuwa na matundu. Hata mkono wa gia ulikuwa na matundu.

"Nthiwa, hii ni gari ama ni chujio ya chai?" akauliza Wahome, fundi wa injini. "Kumbe mzee alikuwa anakimbia na hii? Ndio maana magoti imeisha!"

Gereji nzima ikacheka. Zachariah hakucheka. Alimwonea huruma tajiri wake. Aliamini kwamba fundi fulani wa zamani aliliharibu gari, na mzee aliona haya kusema. Akaamua kumfanyia wema. Aliziba matundu yote, mia moja na kumi na mawili. Alisugua kwa tupa mpaka jicho lisione mahali palipozibwa. Halafu akaweka bamba la chuma chini ya sakafu, na vyuma vya pembe pande zote mbili za fremu, kama alivyozoea kufanyia matatu.

"Siku alipomaliza alirudi nyumbani akiimba," anasema Bi. Mbithe. "Aliniambia, nimempatia mzee gari mpya."

Wasikilizaji wapendwa, matundu yale yalitobolewa makusudi. Gurmeet aliyatoboa mwenyewe, moja baada ya jingine, ili gari lipungue uzito. Zachariah hakujua. Na hakuuliza.

Mnunuzi alikuja asubuhi ileile Gurmeet aliporejea. Alikuwa Bwana Lalit wa Muthangari, mwenye duka la vitambaa mjini. Gurmeet akainama kama kawaida yake. Akashika, akavuta. Gari likagoma. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Gari likagoma.

Akacheka kicheko kisichotoka moyoni. "Lalitbhai, ndugu yangu, mimi nimezeeka. Mikono imekwisha."

"Sisi wote tumezeeka, Gurmeetji," akasema Lalit. "Gari ni nzuri. Kesho nitakuja kuchukua."

Zachariah alikuwa amesimama kando, na hapo ndipo alipoelewa. Alimwona mzee akivitazama viganja vyake, akivigeuza huku na huku. Mzee hakujua sababu, na mafundi wenzake wasingemsema. Akinyamaza, kazi yake ingebaki. Akisema, angefukuzwa, maana wachomeleaji wawili waliomtangulia walifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wanne. Akapiga moyo konde.

"Mzee, si mikono yako. Ni mimi. Nimeweka chuma."

"Chuma wapi?"

"Kila mahali, mzee. Nilifikiri yale matundu ni ugonjwa."

Gurmeet alipiga magoti yale mabovu, akapapasa chini ya gari. "Mimi naenda harusi," akasema, "wewe nageuza gari yangu lori?"

Wahome akajifanya anakohoa. Gurmeet akamgeukia Lalit. "Gari mimi natangaza hapana hii. Ngoja wiki tatu, ama tafuta ingine."

Lalit alimtazama Zachariah. "Nitangoja," akasema. "Fundi wa kujishtaki mwenyewe sijaona hii Nairobi."

Zachariah akaanza kukusanya nguo zake za kazi.

"Wewe naenda wapi?" Gurmeet akafoka. "Nani nafungua hizi shimo? Mimi, na magoti hii?"

Kwa wiki tatu Gurmeet alikaa juu ya kreti, chaki mkononi, akionyesha kila tundu. Hapa chuma hakibebi kitu, toa. Hapa kinabeba, acha. Zachariah aliandika yote katika daftari kuukuu la mwanawe. "Hizo wiki tatu ndizo sekondari yangu," alipenda kusema. Gari lilikwenda Muthangari likiwa na uzito wake wa zamani. Zachariah alibaki gerejini miaka minane zaidi, kisha akafungua karakana yake Kabiria. Wenye magari ya kale walimfuata huko.

Juzi Bwana Gurmeet alifika kwenye matanga, akitembelea mkongojo. Bi. Mbithe anakumbuka maneno yake: "Mama, yeye naweza nyamaza. Mimi naenda nyumbani najua mimi nimekwisha. Yeye narudisha mimi mikono yangu."

Kwako Bi. Mbithe, kwa watoto, na kwa mafundi wote wa Kabiria, poleni sana. Asanteni kwa kutugawia mtu wenu. Zachariah Nthiwa atazikwa Jumamosi, nyumbani kwao Kangundo.

Nasi wengine, kabla ya kulala, tufikiri kidogo. Huenda yuko mtu anayejilaumu leo kwa kosa tulilolifanya sisi. Kama yuko, tusingoje kesho. Twende tukamwambie.